Kioo kimepasuka siku tatu baada ya kutoka tanurini. Nimekosea wapi?

mfinyanzi_tanga ameuliza:

Habari zenu wana jukwaa, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni mfinyanzi, niko Tanga, vikombe na mabakuli, mwaka wa tisa huu. Nina tanuri dogo la umeme, lile la kufungulia juu, nililolinunua kwa mama mmoja aliyekuwa anahama nchi. Waya zake za joto ziko ukutani tu, kwenye mfuniko hamna. Kipimajoto kipo na kinasoma vizuri, ila hakuna kifaa cha kuliendesha lenyewe. Kuna swichi ya hatua tatu, chini, kati na juu, basi.

Tangu mwaka jana nimeshikwa na kioo. Sisemi kupuliza. Nasema ile kazi ya kukata vipande vikiwa baridi, kuvipanga unavyotaka, kuviingiza tanurini na kuvikuta kesho yake vimeshikana vimekuwa kitu kimoja. Niliona sahani ya namna hiyo nyumbani kwa mteja wangu, rangi ya maji ya pwani saa nne asubuhi, nikaiinua nikaitazama dirishani mpaka chai niliyokaribishwa ikapoa.

Nilichofanya ni hiki. Jirani yangu ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, ananipa mabaki ya kioo cha milimita 5 bure. Nikakata miraba miwili ya sentimita 18, nikailaza mmoja juu ya mwingine. Juu yake nikapanga vipande vya chupa ya kijani, nilivyovipasua ndani ya gunia kwa nyundo. Chini nikapaka kaolini ya Pugu, ule udongo mweupe, kwenye kigae, ileile ninayopaka kila siku nikichoma vyungu. Nikawasha swichi ya juu moja kwa moja. Saa moja na nusu likafika nyuzi 850, nikalishikilia hapo dakika 20, nikazima, nikaenda kulala.

Asubuhi nilipofungua nilifurahi mno. Kimeshikana! Ila niliona mambo matatu. Mraba haukuwa mraba tena, umetanuka umekuwa na tumbo kila upande, karibu sentimita 21. Juu kuna ukungu mweupe, kama mtu amehemea kioo, na nimesugua kwa sabuni na ndimu hautoki. Na chini umeng'ang'ania kigae, nikabandua na kaolini yake.

Siku ya tatu usiku kikiwa mezani, hakuna aliyekigusa, tukasikia tak! Asubuhi nikakuta ufa umezunguka vipande vitatu vya kijani kama mtu aliyefuata mipaka yao kwa kalamu, na ufa mwingine umekata sahani katikati. Kingo za ufa ni kali, nimejikata kidole.

Naomba mnisaidie. Sitaki kuacha.

rongai_vioo:

Pole dada kwa kidole.

Mimi niko Ongata Rongai, si mbali na Kitengela Glass, pale Nani Croze alipoanzisha kazi ya vioo vya rangi. Nimekwenda mara nyingi kutazama mafundi wakipuliza kioo kilichoyeyushwa kutokana na mabaki ya madirisha. Jambo moja nililojifunza kwa kusimama tu na kutazama: kikombe kikishamalizwa hakiwekwi mezani. Kinaingizwa haraka kwenye tanuru lingine la joto la wastani, kinalala humo kipoe polepole. Wewe hapo umezima stima ukaenda kulala. Nadhani shida yako ni kupoza.

Lakini ile kuzunguka vipande vya kijani inanitia shaka. Ngoja waje wanaojua kazi ya tanuru zaidi yangu.

dada_wa_kigoma:

Mfinyanzi, nimesoma swali lako mara mbili na nimefurahi jinsi ulivyoeleza. Wengi huandika "kimepasuka" wakaishia hapo. Wewe umesema ufa umepita wapi na kingo zake zikoje, na humo ndimo jibu lilimo.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, naishi Portland, Oregon, tangu 2009. Mchana nafanya usafi, jioni na Jumamosi nipo kwenye karakana ya pamoja, tunakodi tanuri kwa zamu. Nimeanza kazi hii 2013. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu ulipo wewe nilikuwapo mimi.

Anza na ufa. Kioo kilichopasuka huwa kinasema kilipasuka lini. Kingo zikiwa za mviringo, laini, kama zimelambwa, kilipasuka wakati wa kupanda joto, kisha moto ukazilainisha. Zikiwa kali, kilipasuka wakati wa kushuka au baada ya kutoka. Zako ni kali. Ufa unaokata sahani kwa mkunjo mrefu, bila kujali kuna nini njiani, mara nyingi ni wa kupozwa vibaya. Ufa unaofuata mpaka wa rangi na rangi ni wa vioo visivyopatana. Wewe unayo yote mawili, lakini hili la pili ndilo kubwa. Hata ungekipoza siku nzima, kile cha kijani kingekutoka tu.

Kwa nini? Kila kioo kikipata joto hutanuka, kikipoa husinyaa, na kila kimoja kina kiasi chake. Hapa tunataja vioo kwa namba: 90, 96, 104. Hiyo 90 maana yake fimbo ya mita moja ukiipasha nyuzi 100 inarefuka kama milimita 0.9. Kioo cha dirisha kiko chini kidogo, kwenye 83 au 84 hivi. Utasema ni tofauti ndogo, na kweli ni ndogo: kwenye sahani yenye upana wa sentimita 10, vioo viwili vya namba hizo vikishuka kutoka nyuzi 500 vinaachana kwa chini ya unene wa unywele. Lakini kioo kikishaganda hakinyumbuki. Kimoja kinataka kusinyaa zaidi, mwenzake anakataa, na vimeshikana. Ugomvi huo unabaki ndani. Unaweza kukaa kimya siku tatu, au miezi, halafu usiku mmoja dirisha liko wazi, upepo wa bahari unaingia, tak.

Na namba peke yake haitoshi, hili ulishike. Mnato wake nao una neno, yaani kinavyokuwa kizito au chepesi kutiririka kikiwa cha moto. Vioo viwili vyaweza kuandikwa namba moja na bado visipatane. Ndiyo maana wenye viwanda hukijaribu kioo tanurini kwanza ndipo wakiite kinachopatana.

Nikuambie yangu. Sahani yangu ya kwanza niliifanya kwa ajili ya mama, ilikuwa njano na bluu, nikaokota mabaki kwenye sanduku la karakana. Sikujua masanduku yalikuwa mawili, moja la 90 na moja la 96, na mtu amechanganya. Ilitoka nzuri ajabu. Nikaifunga kwenye kitenge, nikapanda basi kurudi nyumbani nimeipakata. Ikapasuka mapajani mwangu. Sikusikia sauti, nilihisi tu kwenye mapaja kama mtu amevunja njiti ndani ya nguo. Nilikaa nayo hivyohivyo mpaka kituo cha mwisho.

Kazi yetu hii, kwa namna inavyofanywa leo, imejengwa juu ya tatizo hilohilo lako. Hapa Portland kuna kiwanda cha Bullseye, kilichoanzishwa 1974 na wapuliza kioo watatu: Dan Schwoerer, Ray Ahlgren na Boyce Lundstrom. Mwaka 1979 Lundstrom alikutana na Klaus Moje, Mjerumani aliyekuwa anapanga vipande vya rangi na kuviyeyusha tanurini, na kila mara akipambana na nyufa kwa sababu vioo vyake havikutengenezwa vikae pamoja. Kutokana na mazungumzo hayo kiwanda kikaanza kutengeneza mabapa ya rangi yaliyojaribiwa kupatana. Moje baadaye akahamia Australia, akaanzisha karakana ya kioo kwenye chuo cha sanaa cha Canberra. Mimi nikipita nje ya kile kiwanda huwa nakumbuka kwamba mtu mwenye kipaji kama Moje naye alitoa vitu vilivyopasuka tanurini. Inanisaidia.

Sasa wewe uko Tanga, na sitakuambia uagize kioo kutoka huku. Nauli ya kusafirisha kioo itakufilisi. Una kioo kizuri hapo mlangoni kwako. Kioo cha dirisha kutoka bapa moja kinapatana na nafsi yake. Chupa moja inapatana na nafsi yake. Usichanganye dirisha na chupa, wala chupa na chupa, hata zikiwa kijani mbili zinazofanana kama pacha. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika kila kipande kimetoka bapa gani.

Na kuna njia ya kuuona ule ugomvi wa ndani kwa macho kabla haujapasua kitu. Fungua kompyuta ya mapakato, weka ukurasa mweupe ujae skrini nzima. Tafuta ile miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji, ambayo madereva na wavuvi wanaipenda. Ishike mbele ya skrini, izungushe taratibu: mahali fulani skrini itakuwa nyeusi kabisa. Ikiwa nyeusi hivyo, weka kioo chako katikati ya skrini na miwani. Kioo kisicho na ugomvi kitabaki cheusi kama skrini. Chenye ugomvi kitawaka mwanga mweupe mahali penyewe, kama mwezi ulioko nyuma ya wingu. Fanya hivyo kwenye vile vipande vya sahani yako ambavyo havijaachana. Niambie umeona nini.

Yale mengine matatu uliyouliza.

Mraba kutanuka: kioo kikiyeyuka vya kutosha hutafuta unene wake, na unene huo ni kama milimita 6. Ukiweka pungufu, tuseme milimita 3, kinajivuta ndani, kingo zinanenepa na pembe zinachongoka kama sindano. Ukiweka zaidi, kinamwagika nje mpaka kikaribie 6. Wewe umeweka 5 na 5, jumla 10, kimetoka tumbo. Kwa kioo cha fundi wako, bapa moja tu linatosha sahani, karibu lipo kwenye unene wake tayari. Ukitaka mawili, omba cha milimita 3. Sifahamu kama wanacho kwenye madirisha ya huko, lakini waulize mafundi wa fremu za picha.

Ukungu: ni fuwele. Kioo hakipendi kukaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 700 na kitu mpaka 800 na kitu, kinaanza kurudi kuwa jiwe kwa juu. Uchafu huuharakisha: alama ya kidole, mafuta ya kikatio, vumbi la gunia. Cha dirisha na cha chupa hushikwa na ukungu upesi kuliko vilivyotengenezwa kwa kazi hii. Kwa hiyo osha, suuza, kausha kwa kitambaa kisicho na manyoya, kisha shika kingo tu. Na 850 kwa dakika 20 ni nyingi mno. Kwenda 820, dakika 10, kunatosha.

Kung'ang'ania: kaolini yako si mbaya, nimefurahi kusikia ya Pugu. Lakini kwenye kioo, ikishapita nyuzi 800 mara moja inabadilika, na mara ya pili inashika. Huku tunachanganya kaolini na unga wa alumina, na baada ya kila uyeyushaji kamili tunaikwangua yote na kupaka upya, tabaka nne nyembamba nyembamba, kila moja kwa mwelekeo tofauti, kisha tunakausha kabisa. Ile ya kuchomea vyungu kama ina silika ndani yake, yaani unga wa mchanga wa kioo, usiiweke chini ya kioo. Silika na kioo ni ndugu, watakumbatiana.

Juu ya ratiba ya tanuri lako nitarudi kesho, leo zamu yangu ya tanuri imefika.

mzee_wa_bandari:

Nashukuru kwa maelezo ya dada wa Kigoma, yamenikumbusha kitu.

Nilifanya kazi Ghana miaka miwili, Tema bandarini, na Jumapili nilikuwa napanda kwenda Odumase kwa Wakrobo. Wale wanatengeneza shanga za kioo tanurini, kazi ya wazee wao. Binti yangu, ungewaona ungefarijika, maana wewe mfinyanzi na wao kila kitu chao ni udongo. Tanuri ni la udongo, la kuni. Kalibu ni bamba la udongo lenye vishimo, limepakwa kaolini. Chupa zinatwangwa kwenye kinu cha chuma mpaka unga, zinachekechwa, unga unamiminwa kwenye vishimo kwa tabaka za rangi. Halafu katikati ya kila kishimo mama anachomeka kijiti cha jani la muhogo, kile kikonyo. Moto ukiwaka kikonyo kinaungua, kinaacha tundu. Mimi nilidhani wanatoboa kwa msumari! Niliokota shanga moja ikiwa vuguvugu, ndani ya tundu bado mna majivu meupe ya kile kikonyo.

Ninachotaka kusema: wao wanachanganya unga wa chupa za rangi mbalimbali na shanga hazipasuki hovyo. Nadhani ni kwa sababu shanga ni ndogo. Dada wa Kigoma atusahihishe.

Na tafadhali, ukitwanga kioo funga barakoa nzuri, si kitambaa. Lowesha kinu. Vumbi lile likiingia mapafuni halitoki, na mfinyanzi tayari anavuta vumbi la udongo maisha yake yote.

dada_wa_kigoma:

Baba, shikamoo. Umesema kweli tupu, na la barakoa ni la kwanza kabla ya yote niliyoandika. Nilipaswa kuanza nalo.

Kuhusu shanga: ndiyo, udogo unasaidia. Ugomvi hukua kadiri kipande kinavyokua. Chenga mbili za milimita 2 zinaweza kuvumiliana ambapo mabapa mawili ya sentimita 10 hayawezi. Mfinyanzi, hilo ni lango lako la rangi, lakini usilitegemee kwa sahani. Litegemee kwa shanga na vipuli.

Sasa ratiba. Tanuri lako lina waya ukutani, kwa hiyo kingo za kioo zinapata moto kabla ya katikati, na zinapoa kabla. Weka kazi katikati ya kigae, mbali na ukuta, na nenda pole kuliko mimi mwenye tanuri la waya za mfunikoni. Tuseme bapa moja la dirisha, milimita 5.

Kwanza, swichi ya chini, mpaka nyuzi 550, na usiende zaidi ya nyuzi 150 kwa saa. Ikikimbia, zima dakika kumi, washa tena. Hapa ndipo kioo baridi hupasuka kwa haraka ya mtu. Kisha kati, mpaka 650, kaa hapo nusu saa: kioo kinalegea na kujilaza, hewa iliyo chini inatoka ubavuni badala ya kubaki na kufura kama chapati. Kisha juu, haraka, mpaka 820, dakika 10. Una tundu la kuchungulia? Vaa miwani ya kinga, chungulia. Kona za vipande zikishakuwa mviringo na juu pakawa laini kama maji ya mtungi yaliyotulia, zima. Usifuate namba kuliko macho yako, kila kipimajoto kina uongo wake.

Zima, liache lishuke lenyewe mpaka 550. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Washa chini, zima, washa, zima, lishikilie kwenye 550 kwa saa moja kamili. Kwenye joto hilo kioo ni kigumu kwa macho lakini ndani bado kinaweza kujipanga, na kukaa hapo kunafanya katikati na kingo ziwe joto moja. Baada ya hapo lishushe, nyuzi 80 kwa saa au chini yake, mpaka 430. Kisha zima kabisa na usifungue mfuniko mpaka uweze kugusa kigae kwa mkono mtupu. Si nyuzi 120. Mkono mtupu.

Itakuchukua siku nzima. Uwe na daftari na saa, kila dakika kumi andika namba. Mimi bado ninayo daftari yangu ya 2013, kurasa zina madoa ya kaolini, na mpaka leo naifungua.

Rangi kwa kioo cha dirisha: una oksidi ya shaba kwenye rangi zako za vyungu? Nyunyiza kidogo sana kati ya mabapa mawili. Waya mwembamba wa shaba nao hufaa. Magadi kidogo kati ya mabapa hutoa mapovu mazuri. Na jani bichi lililobanwa kitabuni likakauka, ukiliweka kati ya mabapa mawili, linaungua na kuacha majivu meupe yenye kila mshipa wake. Kwa mabapa mawili ya milimita 5, saa moja ya 550 ifanye mbili, na kushuka kuwe nyuzi 50 kwa saa.

Jambo la mwisho: kioo cha dirisha kina upande wa bati. Hutengenezwa kikielea juu ya bati lililoyeyuka, njia iliyotangazwa na Pilkington wa Uingereza 1959, na upande uliogusa bati hubaki na chembe zake. Ukiuyeyusha huo ukiwa juu unaweza kupata utando wa kijivu. Mafundi hutambua kwa taa maalumu ya urujuanimno, upande wa bati unang'aa kama maziwa. Kama huna taa, kata vipande viwili vidogo kutoka bapa moja, geuza kimoja, choma pamoja, linganisha. Mimi huulaza upande wa bati chini kila mara.

mfinyanzi_tanga:

Dada, mzee, kaka wa Rongai, Mungu awabariki.

Miwani nimeazima kwa kaka yangu, ni dereva wa malori. Kompyuta ya binti. Tulizima taa sebuleni. Nikazungusha miwani, skrini ikazima kama ulivyosema, nikaweka kipande cha ile sahani.

Kila kijani kina pete nyeupe! Yaani kuzunguka kipande, mwanga, halafu giza, halafu mwanga tena kwenye pembe. Vipande viwili ambavyo havijapasuka bado ndivyo vinavyowaka zaidi. Binti yangu akasema mama, hiki kinasubiri. Nimekifunga kwenye gazeti nimekitoa nje.

Ukingoni mwa dirisha tupu, mbali na kijani, napo kuna mwanga hafifu kufuata ukingo. Nimeelewa, huo ni wa kupoza. Kumbe yalikuwa makosa mawili kwenye sahani moja.

Jumamosi nimechoma kwa daftari. Vipande vitatu, vidogo, sentimita 8: dirisha tupu, bapa moja, dirisha mabapa mawili na jani la mwarobaini kati yake, na chupa ya kijani peke yake, kipande cha ubavu, kimelazwa kinyooke. Kwa sababu ya lile la mabapa mawili nikafuata ratiba yake kwa vyote. Nilianza saa kumi na mbili asubuhi. Umeme ulikatika saa saba mchana dakika kama ishirini, tanuri likiwa 540 linashuka, moyo ukanienda mbio. Lilipoteza nyuzi 40 tu, matofali yake ni manene. Nikalirudisha 550 nikaanza upya kuhesabu saa mbili, maana sikujua nifanye nini kingine.

Nimefungua Jumapili baada ya kutoka kanisani. Nimeweka kiganja kwenye kigae kwanza.

Dirisha tupu: safi, ukungu hamna, kingo za mviringo. Kwenye miwani, cheusi kotekote. Chupa: cheusi, ila kona moja ina mwanga kidogo, na herufi zilizokuwa kwenye chupa bado zinasomeka kwa mbali. Mwarobaini: mabapa yametanuka kidogo kama ulivyosema, na jani limebaki majivu meupe, hata meno ya ukingo wa jani yanahesabika. Kuna povu moja kubwa chini ya kikonyo. Nadhani sikulikausha vya kutosha.

Dada, hilo povu ni la kikonyo kibichi, au nilipita haraka pale 650?

dada_wa_kigoma:

Ni kikonyo. Kina maji na utomvu kuliko jani lenyewe. Kikate ukitupe, weka jani tu, lilale kitabuni wiki mbili, na hapo 650 kaa dakika 45 badala ya 30.

Na kurudisha 550 na kuhesabu upya ndivyo hasa ningefanya mimi. Ile kona ya chupa yenye mwanga, je, ndiko kulikuwa karibu na ukuta wa tanuri?

mfinyanzi_tanga:

Ndiyo dada, ndiko. Nilivipanga vitatu kwa mstari na chupa ikawa ya pembeni. Safari ijayo naweka viwili tu, katikati.

Vyote vitatu nimevipanga kwenye kidirisha cha jikoni. Leo siku ya kumi na moja, hakuna sauti. Fundi wa aluminiamu alipita jana, akalishika lile la mwarobaini, akauliza kama kweli ni kioo chake.